Masikio ya Belarmino Lucero

Mume wangu hakuwa mlevi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa kwenye ukumbi wa parokia kila misa inapokwisha, na wanaolisema hushusha sauti wakiniona nakuja na sahani yangu ya biskuti. Belarmino Lucero alikunywa glasi moja ya divai usiku wa Krismasi, basi. Hakufukuzwa kazi kwa ulevi. Wala si yeye aliyewafanya watu wa sinema waliache bonde letu na kuhamia jimbo la jirani. Walifuata kodi nafuu.

Doña Crescencia, ambaye hupanga maua ya altare, aliwahi kuniambia usoni:

"Pole, Doña Eufemia, lakini si walisema alikuwa anayumba?"

"Walisema akina nani? Wewe ulikuwepo?"

"Mimi nasema nilivyosikia tu, mama."

"Basi sasa usikie vizuri."

Nilifundisha historia shule ya sekondari hadi nilipostaafu, na najua hadithi inavyoharibika ikikosa mtu wa kuisimamia. Hii nitaisimamia mwenyewe.

Belarmino alikuwa fundi wa magari. Mwaka ambao kampuni ya kwanza ilijenga mji wa mbao kule nyikani, mji wenye baa isiyouza pombe na benki isiyo na pesa, walimwita atengeneze bunduki zilizoshika kutu. Alizitengeneza, wakamwambia abaki nazo. Hivyo ndivyo alivyogeuka kuwa mtunza silaha wa sinema. Hakuna aliyemuuliza cheti wala kumpa mtihani. Kinyozi wa mji wa Española lazima awe na leseni kabla hajagusa ndevu zako, lakini mtu wa kumkabidhi mwigizaji bunduki alihitaji kofia nzuri tu. Belarmino alilisema hilo mara nyingi, na wenzake walidhani ni mzaha.

Kwa kuwa sheria haikuwepo, alijitungia yake. Risasi ya kuonyeshwa kwenye kamera hufanana na ya kweli kabisa, ila ndani haina baruti. Belarmino alizitengeneza mwenyewe bandani kwetu, na ndani ya kila moja alitia gololi ndogo za chuma. Ukiitikisa, inalia. Ya kweli hunyamaza, kwa sababu imejaa. Kabla ya kujaza bunduki aliitikisa kila risasi kwenye sikio lake, kisha kwenye sikio la mwigizaji atakayeishika. Waigizaji wengi walichoka na desturi hiyo, wakamwambia sikio lake linatosha. Wakubwa wao nao walikuwa na haraka, kwa hiyo mara nyingi lilitosha.

Benchi la bandani lilikuwa na kazi nyingine. Hapa kwetu wanaume hujaza wenyewe risasi zao za kuwindia kulungu, na kila vuli wanaume wa ukoo wa Lucero walikuja kujazia hapo, maana vifaa vya Belarmino vilikuwa bora kuliko vya mtu yeyote bondeni. Bunduki ndefu ya sinema za zamani na bunduki ya kuwindia ya babu zetu hula risasi ya aina moja.

Januari moja, theluji ikiwa imelala juu ya paa, Belarmino aliweka kikombe chake cha kahawa mezani akaniuliza:

"Eufemia, hawa nyenje wameingilia wapi?"

"Nyenje gani kwenye baridi hii?"

"Hawa wanaolia. Usiku kucha wanalia."

Nyumba ilikuwa kimya. Nilimwambia hakuna nyenje. Akasema labda ni bomba la maji, akaenda kulitazama, na hakulitaja tena.

Novemba iliyofuata walikuwa wakipiga sinema katika mji ule wa mbao. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na Marisela Tafoya, mwanafunzi wangu wa zamani, aliyeigiza mjane mwenye shamba. Alinisimulia jikoni kwangu, mbele ya bakuli la posole, supu yetu ya mahindi na nyama, na Belarmino mwenyewe akiwa ameketi hapo. Hakukanusha neno.

Marisela alitakiwa kuielekeza bunduki moja kwa moja kwenye kamera. Belarmino akazitikisa risasi sikioni, moja baada ya nyingine. "Inalia," akasema, akaitia ndani. "Inalia. Inalia."

"Don Belarmino, mpe bibie bunduki," msaidizi wa mwongozaji akamhimiza. "Mawingu hayatungoji."

"Na sikio langu je?" Marisela akauliza. "Leo limefungiwa nje?"

"Unanidai, mwanangu?"

"Nakudai, mzee. Huyu wa kamera ana watoto, na mkewe ananijua ninapokaa."

Watu wakacheka. Belarmino akazitoa risasi zote, akaanza upya kwenye sikio la Marisela. Walipofika katikati, Marisela akarudisha kichwa nyuma.

"Hii imenuna."

"Imenuna vipi? Inalia."

"Hailii, Don Belarmino."

"Naisikia hivi hivi!"

"Mzee ana punje za mahindi masikioni," mpiga kamera akatania. Belarmino akamrushia ile risasi. Mpiga kamera akaitikisa huku akicheka. Akaitikisa tena. Akaacha kucheka.

Belarmino akachukua koleo, akaing'oa ncha ya risasi, akalipindua ganda juu ya kiganja. Baruti ikamwagika.

Alichofanya baada ya hapo ndicho Marisela anasema hawezi kukisahau. Alipangusa baruti kwenye suruali, akainua mkono ule, mtupu, hadi sikioni, akautikisa.

"Inalia," akasema.

Akazikusanya bunduki zote, akazifungia ndani ya lori lake, akaketi kwenye ngazi yake na ufunguo mfukoni. Mtayarishaji akamwita kwa nyuma, akamwita tena kwa kelele, Belarmino hakugeuka. Alipoguswa bega alishtuka, akasimama kwa ghafla, akayumba. "Huyu amelewa?" mtayarishaji akauliza mbele ya watu wote. Neno hilo lilifika hapa kijijini kabla ya lori la mume wangu.

Nyumbani aliweka sanduku zima la risasi juu ya meza ya jikoni, akazifungua zote mbele yangu. Alipata nyingine moja ya kweli. Akaketi akiitazama. Sanduku hilohilo alikuwa amelitumia katika sinema iliyotangulia, mwanzoni mwa msimu wa kuwinda, ambako mwigizaji mmoja alimgusisha mwenzake mdomo wa bunduki kifuani.

"Yule kijana aliogopa," akaniambia. "Mimi ndiye niliyemwambia asiogope."

Majira ya baridi yale kamati ya bunge la jimbo iliitisha watu watoe maoni juu ya silaha katika sinema. Belarmino alijiandikisha. Shemeji yangu Teófilo alikuja kumsihi.

"Sema risasi, kaka, usiseme masikio. Watatucheka hadi kaburini."

"Watacheka wakiwa hai," Belarmino akamjibu. "Hilo ndilo ninalolitaka."

Mimi nilimnyooshea tai. Lucero akisema mbele ya watu, husema akiwa amevaa vizuri.

Kule Santa Fe, makao makuu ya jimbo, alisema yote. Aliwaambia kwamba milio ya bunduki ya miaka mingi iliyaua masikio yake, na kwamba kichwa chake kinalia mchana na usiku, kwa hiyo kila risasi aliyoitikisa ililia. Akawaomba waweke sheria: risasi ya kweli isifike kabisa mahali pa sinema, ile ya kuonyesha itobolewe ubavuni, jicho liione kuwa ni tupu, wakaguzi wawe wawili, na mtunza silaha apimwe masikio kila mwaka. Mbunge mmoja akainama kwenye kipaza sauti.

"Bwana Lucero, risasi hizo za kweli zilifikaje kwenye sanduku lako?"

"Benchi ni langu, mheshimiwa."

"Nauliza ni nani mwingine aliyelitumia."

"Nimekusikia. Benchi ni langu."

Mswada wa sheria hiyo ukalala kwenye kamati, haukupigiwa kura. Belarmino hakupata kazi tena, na alikufa akiwa bado anawasikia nyenje wake.

Wiki hii nimepita kule nyikani. Watu wa sinema wanarudi; wanaupaka mji wa mbao rangi mpya, na dukani wanasema anatafutwa mtu wa bunduki. Kuna vijana wa ukoo wetu ambao tayari wameomba. Nimeuliza kama wamepimwa masikio, wakanitazama kama bibi aliyechanganyikiwa. Mmoja amekuja kuomba benchi. Nimemnyima. Banda lina kufuli, na ufunguo ninao mimi.

Doña Crescencia bado anataka kujua ni mkono wa nani uliochanganya risasi zile. Benchi lilikuwa la mume wangu. Sina zaidi ya kusema, na asiniulize tena.