Kanga ya Ndani

Niliishia darasa la nne, lakini kanga naijua. Kanga mpya humfuniki nayo mtoto: imekakamaa na inanuka duka. Nalijua hilo tangu usichana wangu, na bado siku ile ya Pasaka nilijifunga doti mpya ambayo haijagusa maji. Nilitoka Lusu kuja Tabora mjini kumtembeza mjukuu wangu, na sikutaka mtu anione mshamba.

Mjukuu mwenyewe ni msichana wa miaka tisa. Hasemi. Daktari aliita usonji. Majirani waliita mengine ambayo siyaandiki. Kelele zikimzidi hujipiga kichwa kwa ngumi, na akipata upenyo anakimbia. Mara moja alikutwa amekaa relini. Tangu siku hiyo binti yangu, mama yake, alitia kufuli mlangoni, na mtoto akawa hatoki kabisa.

"Kufuli ni la ghala la mpunga," nilimwambia, "si la mtu."

"Mama, wewe utarudi kwako Lusu. Akigongwa na treni, nitakayezika ni mimi."

Niliendelea kumsihi. Mwishowe akasema, "Haya, tumpeleke kwenye mabembea Pasaka hii. Akitulia, nitamtoa kila Jumapili. Akituvurugia, usinisemeshe tena habari ya kufuli."

Mjukuu alipofika uwanjani hakutazama farasi wa mbao wala lile jumba la kurukia. Alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu refu lenye vikapu vya chuma. Mimi naogopa kwenda juu kuliko ninavyoogopa nyoka, lakini nilipanda naye. Binti yangu alibaki chini, mikono kifuani, kama hakimu.

Tulizunguka mara mbili. Mtoto alikuwa anacheka! Tulipofika juu kabisa, jenereta ikakohoa, ikazima. Gurudumu likasimama.

"Mafuta yameisha!" kijana wa mashine alipiga kelele. "Bibi, vumilia, nafuata mafuta!"

Nivumilie nini? Kikapu kinayumba, mlango umefungwa kwa komeo la nje, na mjukuu ameacha kucheka. Akaanza kujipiga. Nilimvutia kifuani nikamfunika kwa kanga yangu ya juu. Akainusa mara moja akaitupa, ikaelea mpaka kwa watu. Akanishika shingo, akasukuma ukingo kwa mguu. Nikajua hatuna hata dakika kumi, na kule chini binti yangu anaona yote.

Ndipo nikakumbuka ya ndani. Sisi watu wazima chini ya gauni tunajifunga kanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka imekuwa laini kama jani la boga. Ile ndiyo niliyombebea mgongoni alipokuwa mchanga. Nikafungua fundo la kiunoni, nikaanza kuivuta.

"Jamani, bibi anavua nguo!" mtu akapaza sauti. Uwanja mzima ukacheka.

"Tazameni vizuri!" nikawajibu. "Nyonga hizi zimezaa saba!"

Nilimfunika kichwa, nikamkaza kama mtoto wa mwezi mmoja. Akatia pembe ya kanga mdomoni. Ngumi zikalegea. Tukakaa hivyo, yeye gizani mwake, mimi nimefumba macho nikimwomba Mungu anisamehe majivuno, mpaka jenereta ikanguruma.

Kikapu kilipofika chini mtoto akagoma kutoka. Akashika chuma kwa mikono miwili. Foleni ikanung'unika. Binti yangu alikuja na kanga yangu mpya begani, macho mekundu. Nikadhani ameshakata shauri.

"Sogea, Mama," akasema, akaingia kukaa kati yetu.

Nikapandishwa tena. Watatu.

Kufuli bado lipo, Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili wanatoka, mtoto kajifunika ile kanga yangu kuukuu kichwani. Nimeshaidai mara mbili kwenye simu.

"Mama," binti yangu hunijibu, "njoo umnyang'anye mwenyewe."

Siendi.