Kishikio cha Jeki cha Nduwayezu

Mniite mkorofi, lakini kweli nitaisema: rafiki yangu Nduwayezu hakujua kuchomelea. Kulima alijua, kuimba kwaya alijua, pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, aliiendesha kuliko wote hapa Murungu. Kuchomelea, hapana! Mishono yake ya chuma ilikuwa na mabonge kama ugali ulioshindwa.

Tulikutana Kasulu tukiwa vijana, mimi fundi wa chuma, yeye mbeba magunia sokoni. Enzi hizo barabara ya kurudi kwetu Kibondo ilikuwa vumbi tupu. Ukifika nyumbani, mama yako mwenyewe anakuuliza wewe nani. Tulikuwa tunagawana samaki mmoja, mgebuka, kwa ugali wa muhogo, tunacheka upuuzi mpaka mwenye kibanda anatufukuza. Aa, siku zile! Ningepewa moja tu irudi, ningechukua hata ile tuliyonyeshewa njia nzima.

Alipokuja kununua pawatila na tela, kishikio cha jeki kikamsumbua. Ni kile kipande cha chuma mbele ya tela kinachoshika jeki, ili tela lisimame lenyewe ukishalifungua. Aliniomba nikichomelee, nikamwambia kesho. Kesho ikawa wiki mbili. Nilipokwenda msibani Muyama, akachukua mashine yangu akakichomelea mwenyewe. Niliporudi nikakiona, nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Cheka tu, Tharsisi," akasema, "lakini tela si limesimama?"

Lilisimama miaka sita.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, homa ilimuua ndani ya siku nne. Akaliacha tela uani, limejaa matofali, limesimama kwa jeki. Kwetu sisi, ambao wazazi wetu walitoka Burundi, kazi aliyoiacha marehemu haiguswi mpaka kuganduka, siku ya kumaliza msiba, mwaka ukishapita. Basi familia ikaliacha vile vile na mzigo wake, mvua zote zikalinyeshea. Mimi fundi mzima nilipita pale kila Jumapili nikitoka kanisani, nisiseme neno. Mjinga gani anaacha matofali yote yale juu ya jeki mwaka mzima? Sisi. Wiki ya kuganduka, kishikio kikang'oka, tela likapiga pua chini.

Reverien, mdogo wake marehemu, hakuzungusha maneno. Alisema mbele ya ukoo wote kwamba tela lisiposimama kufikia Jumatano, analiuza chuma chakavu. Maximilla, mjane, akainamisha kichwa. Kulimia watu kwa pawatila ni kazi ya msimu. Kubeba mizigo ndiko kulikolisha wanawe, na bila tela habebi kitu.

Jumamosi tukaganduka, pombe ya ndizi ikanywewa, marehemu akasifiwa. Jumatatu asubuhi nikafika na mashine. Tukashusha matofali, tukazuia magurudumu kwa mawe, tukaegemeza tela kwenye gogo. Nikachuchumaa na grenda. Ili chuma kipya kishike, ilibidi nikwangue mshono wote wa zamani mpaka chuma king'ae. Nikayaona yale mabonge. Nikaiweka grenda chini.

"Vipi, shemeji?" Maximilla akauliza.

"Nawaza nichomelee juu yake. Huu wa Nduwayezu ubaki ndani."

"Utashika?"

Nikajifanya natafuta kitu kwenye boksi.

"Tharsisi, nimekuuliza. Utashika?"

"Hautashika."

"Sasa?"

"Shemeji, hii ni kazi ya mkono wake! Aliniomba, nikamzungusha, halafu nikamcheka. Siwezi kuikata. Siwezi!" Nikalia, tena kwa sauti, mtu wa miaka hamsini na nane.

Hakunibembeleza. "Lete hiyo grenda."

"Utajikata, wewe!"

"Basi nionyeshe."

Nikamvalisha miwani yangu, nikamwonyesha pa kushika. Cheche zikaruka, na bonge moja moja likaisha mpaka chuma kikabaki cheupe. Alipozima, alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Mume wangu nilimzika kule juu," akasema. "Hiki ni chuma. Nimekilinda mwaka mzima, watoto wangu wakila kwa majirani. Fanya kazi yako."

Loo, niliona aibu! Nikaifanya. Nikashikiza kishikio juu ya bamba nene la chuma kwa matone manne ya kuchomelea, nikapima pembe kwa skwea, nikazungusha mshono taratibu, nikaongeza pembetatu mbili za chuma ili kisipinde. Saa kumi, kilipopoa, tukafunga jeki. Maximilla akazungusha mpini, pua ya tela ikapanda. Tukarudisha matofali yote, kishikio kikatulia.

Reverien akaja, akakisukuma kwa bega, akakikalia kwa uzito wake wote. "Haya, limesimama," akasema. Akamwomba shemeji yake maji ya kunywa, na habari ya chuma chakavu ikaishia hapo.

Alhamisi nilikuwa kibarazani na chai yangu niliposikia pawatila ikipanda kuelekea Kibondo, tela likigongagonga nyuma yake kama miaka yote. Mdomo ukanitangulia.

"Nduwayezu!" nikaita. "Leo umechelewa wewe!"

Pawatila ikapunguza mwendo. Maximilla akageuka pale kwenye kiti cha dereva, mbele ya magunia ya maharage, akanitazama kidogo.

"Ni mimi, shemeji," akasema.

Nikamwambia aende salama.