Tokuji, Miguu ya Nyuma ya Simba

Kwa miaka ishirini na tisa Tokuji, muuza tofu, ile jibini ya soya, wa kijijini kwetu, alikuwa miguu ya nyuma ya simba. Kila sikukuu ya mavuno, simba wa hekalu hupita nyumba kwa nyumba akicheza, afukuze maradhi. Mtu mmoja hushika kichwa cha mbao, mwingine huinama nyuma yake chini ya kitambaa. Kichwa alikuwa Yasaburo, seremala mwenye maringo, na vigelegele vyote vilikuwa vyake. Tokuji walimjua kwa soksi tu.

"Mimi nilimpendea nyayo," mkewe Sumie alizoea kusema. "Uso niliuona baadaye, nikavumilia."

Mwaka mmoja, siku mbili kabla ya sikukuu, Yasaburo akateleza kwenye ngazi akateguka kifundo cha mguu. Kuhani akaenda kwa Tokuji.

"Bwana Tokuji, kichwa ni chako."

"Mimi? Mbona huko mbele sikujui!"

"Kuna njia tu. Ifuate."

Asubuhi ngoma zikalia, filimbi zikaitika, simba akafika langoni mwa hekalu akasimama kama gogo. Tokuji alikuwa akingoja kuvutwa.

"Twende basi, kaka!" mwenzake mpya akanong'ona kutoka nyuma.

"Si tunamsubiri... Aa! Ni mimi!"

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Ikaja zamu ya kuwauma watoto kichwani, wapate afya. Miaka yote Yasaburo alikuwa akiwarukia kwa ngurumo, wakilia hadi kijiji kizima kisikie. Tokuji aliinama taratibu, na sauti ikatoka mdomoni mwa simba: "Samahani, binti mdogo. Nauma kidogo tu." Kitoto kikacheka, kikamshika simba pua.

Kufumba na kufumbua foleni ya waliotaka kuumwa ikashuka ngazi zote za hekalu. Bibi Hatsue, mwenye miaka themanini na minne, akavua kilemba. "Na mimi niume, simba mwenye adabu!"

Mwisho akaja Yasaburo na mkongojo wake, kanuna. "Uma basi. Ila mimi si mtoto, usinibembeleze."

Tokuji hakumbembeleza. Taya za mbao zililia *ka!* na Yasaburo akaruka kwa mguu mmoja.

"Umenipania wewe!"

"Miaka ishirini na tisa, ndugu yangu," simba akajibu.

Walicheka wote wawili mpaka kitambaa kikamvuka simba. Kile kifundo hakikukubali tena kuruka, hivyo Tokuji akabaki na kichwa miaka kumi na mmoja zaidi. Yasaburo akahamia kwenye filimbi, na huko nako akaringa.