Makombo ya Kabatini

Watu hudhani kazi ya kurekodi sauti ni kusoma. Kusoma ni sehemu ndogo. Kazi yenyewe ni mafaili. Kampuni ikikupa kazi ya laini ya simu, haitaki hadithi yenye mwanzo na mwisho; inataka vipande. Bonyeza moja. Tafadhali subiri. Jumatatu. Jumanne. Kila kipande na faili yake, kila faili na jina lake, yote kwa Kiswahili na tena kwa Dholuo, lugha ya kwetu. Jina moja likikosewa, mgonjwa wa Jumatatu anaambiwa aje Alhamisi.

Mimi sina subira hiyo. Nina sauti, nina mdomo, na hasira zangu ziko karibu. Kwa hiyo tuligawana kazi na rafiki yangu tuliyeimba naye kwaya tangu ujana. Mimi nilirekodi kwangu Migosi, ndani ya kabati la nguo nililolizungushia mablanketi, asubuhi watoto wa majirani wakiwa shuleni. Yeye alikaa kwake Milimani na kompyuta, akikata, akisafisha na kupanga. Alikuwa na mkono mzuri kwa kazi hiyo, sitamnyima haki yake.

Utaratibu wetu ulikuwa kwamba sizimi kinasa sauti mpaka nimalize. Ukizima na kuwasha, sauti inabadilika kidogo, na vipande vikiunganishwa vinasikika kama watu wawili. Nikikosea, napiga kofi moja. Yeye akiona mstari umeruka juu kwenye skrini anajua akate hapo. Katikati ya makofi niliongea ovyo. Nilimtania kuhusu kitambi chake. Niliwatukana kunguru waliotembea juu ya mabati. Nilipokea simu. Mwaka tuliomzika baba nililia humo kabatini, na yeye alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Hayo yote tuliyaita makombo. Alisema ana folda ya makombo na kwamba kila Ijumaa anaifuta. Sikumwuliza mara ya pili. Mtu aliyembeba babako humwulizi kama amefuta folda.

Mama yangu anaishi Asembo, si mbali na ziwa. Nilipokwenda kumwona Jumatatu moja, hakuinuka kunipokea. Aliendelea kugeuza omena, dagaa wa ziwani, juani, akanisalimia kama mtu aliyekuja kuuza sabuni. Nilimwuliza kuna nini. Akasema amechoka kuniambia mambo. Mguu wake umevimba, kila wiki ananiambia, na mimi namwambia pole halafu nakata simu.

Nilikuwa nikimpigia kila Jumapili baada ya ibada, na kweli siku hizo alinijibu kwa mkato, lakini habari ya mguu sikuwa nimeisikia hata kidogo. Nilimwambia hivyo.

"Mimi si mwongo, mwanangu," akasema.

Niliogopa. Nilidhani akili zimeanza kumtoka, na nikawa tayari napanga kichwani nani ataishi naye. Ndipo simu yake ikalia. Aliweka sauti ya nje na kuishika katikati yetu, kama mtu anayeleta shahidi.

Sauti ilikuwa yangu. Ilimwuliza kwa Dholuo kama amemeza dawa za presha, na anaendeleaje, aseme baada ya mlio. Nilikumbuka kuisoma; ilikuwa kazi ya kliniki fulani iliyotaka kuwapigia wagonjwa wake kila wiki. Mama alijibu huku ananiangalia mimi. Alisema mguu umevimba mpaka hawezi kushuka ziwani. Kisha nikajibu, kutoka kwenye simu: "Mos ahinya, Mama. Asewinjo." Pole sana, Mama. Nimesikia. Simu ikakatika. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, mdomo umefungwa.

Maneno hayo sikuyasoma popote. Niliyasema kabatini, wiki moja baada ya mazishi, mama aliponipigia kuniambia usingizi umemkataa. Hata ile pumzi niliyovuta kabla ya kusema Mama ilikuwamo.

Tulikwenda hospitali kwanza. Tulikuwa tumechelewa, lakini si sana. Nani alipaswa kusikiliza majibu ya wagonjwa wale, sijui mpaka leo.

Kisha nikaenda Milimani kwa rafiki yangu. Hakukana. Alinitengenezea chai, akaniita nyamera, dada yangu, kama kawaida yake.

"Nyamera, ile pole uliyosoma, watu wa kliniki waliikataa," akasema. "Walisema ni kama redio. Kwenye makombo ndiko kulikuwa na mtu."

Nilimwuliza kama alijua nilikuwa naongea na nani.

"Nilijua. Ndiyo maana nikachagua hiyo."

Alisema bila haya, kama fundi anayeeleza kwa nini amechagua mbao fulani. Akanifungulia kompyuta nione. Hakuna Ijumaa hata moja aliyofuta. Makombo yote yalikuwepo, yamepangwa vizuri kuliko kazi yenyewe: vicheko mahali pake, kuguna mahali pake, na folda moja aliyoiandika Kulia. Nilitaka kummwagia chai usoni. Nilichofanya ni kulia, na nilipojisikia nalia nikajiziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu sikutaka apate sauti nyingine.

Aliitoa ile sauti kwenye laini. Sijui kama alifuta, na siwezi kujua. Hilo ndilo linaloniuma. Sasa nasali ibada ya pili ili tusikutane.

Mama nilimweleza, na alielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Hakunilaumu. Lakini siku hizi nikimpigia, naye akaniambia mgongo unamsumbua au kuku wamekufa, nikisema pole anaiacha hiyo habari kwanza. Kisha ananiuliza tulikula nini Krismasi iliyopita. Najibu kwamba tulikula omena, kwa sababu jogoo alitoroka na kuingia kwenye muhogo wa jirani. Anasema sawa. Hapo ndipo anaponieleza jinsi alivyolala.