Mchoro Uliofika Kichwa Chini

Habari za kifo chake nilizipata hotelini katika soko la Kwa Vonza, chai yangu ikiwa bado haijapoa. "Yule mtu wa kompyuta ametuacha," mwenye hoteli aliniambia, wala hakuhitaji kutaja jina, kwa kuwa alipoanza kazi katika mradi wa maji wa kanisa pale Kitui, mtu wa kompyuta alikuwa yeye peke yake. Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Basi nitamsema vizuri kadiri ukweli utakavyoniruhusu. Alikuwa mtu wa tai hata kwenye jua la Februari. Mashine yake aliifunika kitambaa cha kufumwa kama kochi la wageni, na aliyetaka kuiona alivua viatu mlangoni. Mchungaji wetu alivua. Nami nilivua, soksi yangu ikiwa na tundu, naye akalitazama tundu lile kwa masikitiko makubwa.

Kazi yake ilikuwa kuchora mabwawa ya mchanga, zile kuta tunazojenga katika mito mikavu ili mvua ikija mchanga ujae nyuma yake na kutuwekea maji. Sasa, wafadhili walikuwa wameipa Kitui kompyuta za aina moja, na wafadhili wengine wakaipa ofisi ya mradi huohuo kule Makueni, alikokaa mhandisi wa kuidhinisha michoro, kompyuta za aina nyingine kabisa. Mchoro wa namna hii haukai ndani ya mashine kama picha; unakaa kama maagizo: anzia hapa, vuta mstari hadi pale. Mashine ya Kitui ilihesabu kutoka juu ya ukurasa, ile ya Makueni kutoka chini. Ni kama kuwatuma watu wawili wapalilie mstari wa tano wa mahindi, mmoja ameingilia juu ya shamba, mwingine chini. Disketi ikapelekwa, ikafunguliwa, na lo! Ukuta wa bwawa unaning'inia na mto unapanda mlima. Maneno tu ndiyo yaliyobaki wima. Ungedhani mhandisi angecheka. Aliitisha mkutano, ukafunguliwa kwa maombi na kufungwa kwa maombi, na katikati Makueni ikailaumu kompyuta ya Kitui, Kitui ikailaumu ya Makueni. Disketi zikaendelea kwenda na kurudi.

Nilimuuliza, "Si upeleke karatasi tu? Hii hapa, umeshachapa."

Akanitazama kama niliyetukana kanisani. "Karatasi ni mambo ya zamani, bwana. Siku hizi tunatuma faili."

Kule Makueni nako mhandisi alikuwa ameapa kutogonga muhuri mchoro ambao haukutoka kwenye mashine yake mwenyewe, na bila muhuri hakuna saruji. Wakati huohuo akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, walikuwa wamebeba mawe hadi rundo likampita mtu kimo, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Mwenyekiti wao alikuja ofisini, akakataa kuvua viatu.

"Sisi tumebeba mawe na mgongo," akasema. "Nyinyi mmeshindwa kubeba mchoro?"

Siku hiyo nilimwona marehemu akilegeza tai. Aliondoka na yule mama kwenda Makueni, akachapa mchoro kwa mashine ya mhandisi, kichwa chini vilevile, kisha akaigeuza karatasi juu chini na kuibandika kwenye kioo cha dirisha. Jua lilipopenya, mto ulionekana kwa nyuma ukiteremka kama Mungu alivyouumba, ila maneno sasa ndiyo yaliyosimama kwa kichwa. Akafuatisha mistari kwa kalamu. Mhandisi, kwa kuwa karatasi imetoka kwake, akagonga muhuri. Lakini mvua haikungoja lori la saruji. Mto ulishuka na maji yote tuliyoyaombea, ukapita pale penye rundo la mawe bila ukuta, na mwaka ule akina mama waliendelea kufukua mchanga mbali kutafuta maji. Iliniuma, na inaniuma hadi leo. Msimu uliofuata ukuta ulijengwa kwa mchoro uleule wa dirishani, na marehemu alibeba mawe pamoja nao, amevaa tai.

Tulimzika Alhamisi. Ratiba ya mazishi ilichorwa Kitui na kuchapwa Makueni, ili pande zote mbili zipate heshima, na msalaba kwenye jalada ulikuwa umesimama kwa kichwa. Wazee wa kanisa waliishika ratiba hiyo kwa unyenyekevu. Mchungaji aliutazama msalaba, akatangaza wimbo. Watu hawa wangemtoa mwanakwaya kwa sababu ya kitambaa cha kichwani, lakini kitu kikitoka kwenye kompyuta wanakipokea kama manna. Ndipo mwenyekiti wa mwethya alipoigeuza ratiba yake na kuiinua juani.

"Hata leo umetutumia kichwa chini," akaliambia jeneza, akicheka huku machozi yanamtoka.

Mstari baada ya mstari tukaziinua zetu. Ndugu msomaji, mashine zitazidi kuja, na kila mfadhili ataleta ya kwake. Ukiona mto unapanda mlima, sema siku hiyohiyo. Mvua haijui kuvua viatu.