Nilisema Simjui Mzee Aliyempangusa Jasho Mpiga Gitaa

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia bure. Sikusukumwa na mtu wala na shida yoyote. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti laini, nimevaa suti niliyonunua kwa jasho langu mwenyewe, nikaulizwa swali moja jepesi kuhusu baba yangu mzazi. Nikajibu uongo.

Na usidhani unamsikiliza mtu asiye na kichwa! Nilifika Louisville, Marekani, nikiwa kijana mdogo kutoka milima ya Kivu ya Kusini, kupitia kambi ya wakimbizi, bila neno moja la Kiingereza. Nilipakia masanduku kwenye maghala ya South End, mtaa wetu. Kisha nikahamia mji wa Buffalo peke yangu, nikapanga chumba Lower West Side, nikawa napanda basi kwenda chuoni Amherst hata theluji ikifika magotini. Nikarudi Louisville na diploma ya ufundi wa sauti. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Diploma hiyo iko sebuleni kwetu, ukutani, juu ya televisheni, na kanisani wananiita Ingénieur, yaani mhandisi.

Zamani nilipenda sana kuitwa hivyo. Siku hizi nikiitwa naitika tu.

Baba yangu yeye bado anapakia masanduku ghalani. Kiingereza chake ni salamu na namba za milango ya kupakilia. Lakini kuna kitu kimoja anachokijua kuliko wengi wa huku. Ujana wake alikuwa utingo kwenye lori la misheni, njia ya Uvira kwenda Baraka, na dereva wake alikuwa na kaseti moja tu. Ilikuwa kaseti ya bendi ya wazungu wanne, ile rock ya zamani ya magitaa mazito. Maneno hakuyaelewa, na mpaka leo hayaelewi. Magitaa ndiyo aliyoyashika yote, kona kwa kona, na anayapiga kwa mdomo akinyoa ndevu.

Wimbo mmoja una gitaa refu lisilotaka kuisha. Huo yeye anauita Mlima. Anasema gitaa linapanda kama lori lao lilivyopanda na mzigo, na akiuimba anabadilisha gia hewani. "Ya kwanza! Ya mbili! Weka jiwe nyuma, weka jiwe!" Mdogo wangu Neema hucheka mpaka anakaa chini.

Sasa sikiliza. Mwalimu wangu wa Buffalo alinipigia simu. Wale wazee wanne wa bendi ile bado wako hai, akasema, na watarekodiwa mjini Columbus kwa ajili ya televisheni ya umma. Yeye ndiye angesimamia sauti. Alikuwa ameniwekea viti viwili vya mbele, na baada ya onyesho alitaka tuzungumze, maana alikuwa anatafuta mtu wa kuingia kwenye kikosi chake.

Mimi nilikuwa nimerudi na diploma na bado nilikuwa ghalani. Unanielewa? Kazi ile niliitaka mpaka meno yaliniuma.

Kiti cha pili nilimpa baba, naye akavaa suti aliyovaa kwenye harusi ya dada yangu. Garini nilimwona ana leso nyeupe imepigwa pasi, ameishika kwa vidole viwili isije ikakunjika.

"Leso ya nini, Papa?"

"Ya jasho."

Nikadhani ni jasho lake. Jamani! Mimi nimekulia kwenye harusi na kwaya zetu. Kwetu mpiga muziki akikugusa moyo humwachi aungue na jasho peke yake. Unainuka, unamfuata alipo, unampangusa uso mbele ya watu, unarudi kukaa. Ni heshima kubwa. Nilipaswa kujua leso ile ilikuwa ya nani.

Onyesho lenyewe halikuwa na raha. Mama mmoja mwenye vifaa vya kusikilizia kichwani alitufundisha kupiga makofi kabla hata bendi haijatoka. Kamera zilipita juu ya vichwa vyetu kwenye mkono mrefu wa chuma. Wimbo ukifika katikati unasimamishwa, taa haikukaa sawa, rudieni. Nyuma yetu alikaa mama wa makamo, mwenye msuko wa mvi na fulana ya bendi iliyopauka.

"Nimeendesha gari kutoka Buffalo nije kuona mazoezi?" alinung'unika.

Baba naye aliniinamia kwa Kiswahili chetu cha Kongo, chenye Kifaransa ndani. "Bon, hawa bazee bako nacheza na kuangalia saa. Lori haiyapata moto."

Ndipo wakaanza Mlima.

Nilisikia vidole vya baba vikizama kwenye goti langu. Yule mzee wa gitaa alifumba macho, na jasho likaanza kumtiririka mpaka kidevuni. "Ya kwanza," baba ananong'ona. "Ya mbili." Halafu akasimama. Nilimshika koti, likaniponyoka. Akapanda ngazi ya pembeni pole pole kama mtu anayekwenda kupokea meza ya Bwana, na walinzi wakabaki wameduwaa. Akafungua leso. Akampangusa yule mzee paji la uso, mashavu na shingo.

Mpiga gitaa alifumbua macho bila kuacha kupiga. Baba akamwinamia, na kipaza sauti kikachukua kila kitu:

"Pole na kazi, papa!"

Ukumbi mzima ulisikia. Mzee wa gitaa akacheka. Wimbo ulikuwa unakaribia kuisha, lakini hakuumaliza. Alishuka nao chini kabisa akaanza kupanda upya! Watu walisimama bila kuamriwa na mtu. Mama wa msuko alikuwa analia wazi wazi.

Mimi, mtoto wake, nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Walinzi wawili wakamwondoa kwa adabu kupitia mlango wa pembeni. Alikuwa anatabasamu, ameinua leso juu. Wimbo ulipoisha, yule mama wa vifaa vya kichwani alikuja mbio akachuchumaa mbele yangu.

"Samahani, yule mzee mko pamoja?"

Niliinua macho. Kule kwenye meza ya sauti mwalimu wangu alikuwa ananitazama. Nikaona atasema nimeleta fujo kwenye kazi yake. Nikaiona kazi inatoka mlangoni pamoja na baba.

"Hapana," nikasema. "Simjui."

"Una hakika? Si alikaa hapa?"

"Alikaa tu. Simjui."

Ni hivyo tu. Haikuchukua muda wa kufunga kamba ya kiatu.

Wakatangaza kwamba wimbo utarudiwa. Mara hii yule mzee wa gitaa alipiga akiwa mkavu, kama mtu anayesoma mita ya maji. Alipiga ulivyoandikwa akaumaliza. Watu walipiga makofi walivyofundishwa.

Baada ya onyesho nilizungumza na mwalimu kwanza. Ndiyo, kwanza! Nikamwambia mgeni wangu hakufika, na yule mzee alikalia tu kiti chake. Kisha nikamkuta baba ukumbi wa nje, kwenye benchi, anakunywa maji aliyopewa na mlinzi.

"Bale batu balikuuliza juu yangu?"

"Waliniuliza."

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia wewe ni baba yangu."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Alinipiga bega kwa furaha mpaka nikayumba. Alipiga Mlima kwa mdomo njia nzima, tukavuka daraja la Cincinnati bado yuko gia ya pili.

Kanisani aliwasimulia wote. Hakujisifu kwa kupanda jukwaani, hapana. Alichosimulia ni hiki: "Mutoto wangu alisimama mbele ya bazungu akasema, huyu ni papa yangu!" Akawaalika waje kutazama siku kipindi kitakapotoka.

Kilitoka Jumapili, baada ya ibada. Sebule ilijaa. Fufu ya muhogo, sombe ya majani yake, samaki, watoto chini kwenye zulia. Mama Furaha, kiongozi wa kwaya, alichukua kiti kizuri kuliko vyote, maana huwa hapitwi na jambo. Kila baada ya nyimbo mbili watangazaji walikuja kuwaomba watazamaji wachangie kituo, na Mama Furaha akawa anawajibu: "Tulishatoa sadaka asubuhi, baba, turudishie gitare!"

Ukafika Mlima. Ule mkavu. Kamera ikapita safu ya mbele. Nikajiona mwenyewe nimevaa suti, napiga makofi, na pembeni yangu kiti kitupu.

"Papa Neema, uko wapi?" Mama Furaha akauliza. "Ao ulikuwa choo?"

Sebule ikacheka. Baba naye alicheka. "Ngojeni, kamera inakuja."

Haikuja. Gitaa likakatwa katikati ya mlima na watangazaji wakarudi.

"Donc, imeisha?" baba akauliza. Aliinama akaanza kutafuta kitu chini ya kiti ambacho hakikuwepo.

Neema hakuweza kuvumilia. Alitoa simu akafungua ukurasa wa wapenzi wa bendi ile. "Papa, sikiliza, hata wao hawajafurahi!" Akawa anasoma na kututafsiria. Mmoja ameandika wametupatia wimbo uliokufa. Mwingine anauliza, yuko wapi yule mzee Mwafrika aliyempangusa jasho, miaka mingi sijasikia gitaa lile likilia vile, kwa nini wamelificha?

"Eeeh!" Mama Furaha akapiga makofi. "Papa Neema, bazungu bako nakulilia! Soma ingine!"

Baba alikuwa amekaa wima tena. Neema akasoma ya tatu kwa sauti kubwa. "Huyu mama anasema alitoka Buffalo, alikaa nyuma yenu. Anasema, 'Niliwasikia wakiuliza kama yule mzee yuko na mtu, maana bila ruhusa yake hawawezi kuonyesha uso wake. Wangempata, tungeuona wimbo ule. Lakini kijana aliyekaa naye akasema...'"

Akashusha simu.

"Akasema nini?" baba akauliza.

"Mtandao unakatika, Papa."

"Neema."

Mtoto aliniangalia mimi, akaangalia simu. "Akasema hamjui."

Kwenye televisheni bado walikuwa wanaomba michango. Mama Furaha, mwanamke asiyekosa neno, aliinuka akaanza kukusanya sahani ambazo watu hawajamaliza. Baba alichukua rimoti akazima.

"Bon," akasema. "Tukule."

Akala. Akaniomba nimpitishie chumvi, nikampitishia. Ni hayo tu aliyowahi kuniambia kuhusu jambo lile.

Nilitegemea nitalia. Sikulia. Nilitegemea atanifukuza, hakunifukuza. Asubuhi ananyoa ndevu kimya, na nyumba nzima inasikia wembe.

Na kazi nilipata! Usifikiri nilikosa. Mwalimu alinipigia na leo niko kwenye kikosi chake, nimevaa kitambulisho shingoni, mtu wa kwanza katika ukoo wetu. Siku moja alinieleza bila kujua anamweleza nani. "Ule wimbo wa kwanza ndio ulikuwa bora kuliko vyote. Tulipokuja kumtafuta yule mzee atie saini, akawa ameshaondoka. Mpaka leo mashabiki wananitukana." Nilimwambia pole. Kazini nasikia kila kitu, hata waya uliolegea, ila hakuna kinachoingia ndani.

Mwezi uliopita kikosi kilikuja kufanya kazi Louisville. Mwalimu akapita South End na gari la vifaa kunichukua asubuhi, akagonga mlango kabla sijavaa viatu. Baba ndiye aliyefungua.

Walitazamana. Mwalimu akamwonyesha kidole, mdomo wazi, kisha akageuka kunitazama mimi.

Baba alinyoosha mgongo. Halafu akasema kwa Kiingereza, taratibu, neno baada ya neno, sentensi ambayo baadaye Neema alikiri kwamba baba alimwomba amfundishe wiki ile ile ya kipindi, na kwamba alikuwa akiirudia ghalani kila siku:

"Huyu ni mtoto wangu. Ninamjua."

Akamkaribisha chai. Mwalimu akanywa, mimi nikafunga kamba za viatu.

Sasa wewe unayesoma hii, labda una shahada kubwa kuliko diploma yangu, labda mzazi wako anakuaibisha kwa viatu vyake, kwa sauti yake, kwa leso yake. Siku moja mtu mwenye haraka atachuchumaa mbele yako akuulize mko pamoja. Usimtafute bosi wako kwa macho kwanza. Sema ndiyo! Sema ukiwa bado umekaa kwenye kiti kile, maana mimi nimeshasema ndiyo mara nyingi tangu siku ile, chumbani, njiani, kazini, na hakuna tena anayeniuliza.