Mkono wa Mama Kinywani mwa Ng'ombe

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Biharamulo kumwona mama. Tulikuwa tumekaa barazani tukichambua maharage, mara ikapita pikipiki yenye kipaza sauti. Kijana aliyepakiwa nyuma alikuwa anatangaza kwamba kesho asubuhi kila mwenye mbwa amlete uwanja wa shule, achanjwe kichaa, bure. Kwake ilikuwa kazi tu. Mama aliweka ungo chini, akainuka, akaingia ndani. Nikamsikia ananawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu mno, na mimi huku barazani, mtu mzima mwenye watoto wangu, nikajikuta nimeacha maharage nasikiliza, kama yule msichana wa darasa la nne niliyekuwa.

Ngoja nikusimulie.

Kamji ketu kalikuwa kadogo sana, mbele kidogo ya Nyamahanga ukielekea porini. Kulikuwa na safu moja ya maduka, kanisa, msikiti wa bati, mashine ya kusaga na kituo cha maziwa. Nyuma ya kila nyumba kulikuwa na migomba, na katikati ya migomba banda la ng'ombe. Sizungumzii ng'ombe wa kuchunga. Hawa walikuwa ng'ombe wa kisasa, weusi wenye mabaka meupe, wanaokaa bandani wakiletewa majani kama wagonjwa wa hospitali. Sisi watoto tulikata mabingobingo, yale majani marefu yanayochana mikono, tukayabeba kichwani hadi shingo zikaingia mabegani. Tulizoa samadi, tulichota maji, tulimenya viazi vitamu na maganda yakaenda bandani. Shule ilikuja baada ya hayo yote.

Bibi, mama yake baba, alikuwa Mhangaza aliyeolewa huku kutoka upande wa Ngara, na Kiswahili chake kilibadilisha r na l kila alipofungua mdomo. Alituamsha kwa maneno yaleyale: "Amkeni, ng'ombe hana Jumapiri." Tukiamka tulikuta mama ameshachuchumaa chini ya ng'ombe, na maziwa yanagonga ndoo, kwanza kwa mlio mkali, halafu kwa sauti nene kadiri ndoo inavyojaa. Ungepita njiani saa hiyo, ungesikia ndoo zinagongwa hivyo nyumba hadi nyumba. Kisha baiskeli zilitoka zimefungwa madumu, wote wakielekea kituoni, wanasalimiana kwa sauti za usingizi.

Ng'ombe wetu aliitwa Tulia. Alitoka kwa mzee jirani, ambaye sisi wote tulimwita babu ingawa hatukuwa ndugu. Babu alikuwa amepewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, na kanisa, japo yeye mwenyewe alikuwa Muislamu, kwa sharti kwamba ndama jike wa kwanza amkabidhi jirani. Wengine walichelewesha, wakatafuta visingizio. Yeye alimleta ndama mwenyewe, kamfunga kamba, akamkabidhi mama akisema, "Huyu ni binti yangu. Nimekuozesha." Tangu hapo kila asubuhi nikimwamkia shikamoo, alijibu marahaba na kuuliza hali ya binti yake kabla hajauliza yangu.

Mbwa alikuja adhuhuri moja ya kiangazi. Nilikuwa nimetumwa chumvi dukani, nikawa narudi. Nilimwona anatoka kwenye migomba, mwembamba, mkia umening'inia, anatembea upandeupande kama mtu aliyelewa. Hakunitazama. Hilo ndilo lililoniogopesha, kwamba mbwa alinipita kana kwamba sipo. Aliingia bandani moja kwa moja akamrukia Tulia usoni. Nikapiga yowe. Babu, aliyekuwa anapogoa migomba yake ng'ambo ya ua, alikuja mbio na fimbo, akampiga yule mbwa hadi akamwachia ng'ombe. Mbwa akamgeukia yeye, akamng'ata muundi wa mguu, kisha akakimbilia porini.

Ng'ombe alikuwa na alama ndogo juu ya pua. Babu alikuwa na vitobo vya meno mguuni. Bibi alimpaka majani ya kienyeji, wakacheka kidogo, maana mbwa wa kutangatanga walikuwa wengi na kung'atwa halikuwa jambo geni. Kidonda kikafunga. Tukasahau. Mpaka leo najiuliza tuliwezaje kusahau.

Mvua za kwanza zilipoanza, Tulia alibadilika. Alikataa majani. Siku iliyofuata akaanza kulia, na kilio kile wewe uliyezoea ng'ombe usingekitambua. Kilikuwa kikavu, kimekwaruza, kinakatika katikati kama mtu anayeita huku amekabwa. Udenda mzito ulimtoka hadi chini. Alitaka kunywa, akashusha mdomo ndooni, maji yakarudi yote.

"Amekwamwa na kiazi," mama alisema.

Sote tuliamini, maana ilishawahi kutokea kwa jirani wa pili. Baba alishika pembe, mama akakunja mkono wa gauni, akaingiza mkono wake mdomoni mwa ng'ombe hadi karibu na kiwiko. Nilikuwa nimeshika kamba. Niliuona uso wa mama umekunjamana, anapapasa huku na huku kutafuta kiazi. Kiazi hakikuwepo. Alipoutoa mkono ulikuwa unang'aa kwa udenda, na magego yalikuwa yamemkwaruza mistari myekundu juu ya kifundo. Alijifuta kwa kanga.

Baba akaenda kumwita bwana mifugo. Alikuja na pikipiki yake, akasimama mlangoni mwa banda, akasikiliza kile kilio. Hakuingia.

"Kuna mbwa aliyemng'ata ng'ombe huyu?" aliuliza.

Mimi ndiye niliyesema, "Ndiyo. Kiangazi. Alimng'ata puani, na babu mguuni."

"Nani amemshika mdomoni?"

Mama aliinua mkono polepole, kama mwanafunzi.

Bwana mifugo alivua koti. Aliomba sabuni ya mche na maji mengi, akamkalisha mama kwenye kigoda, akamwosha mkono ule yeye mwenyewe, anasugua, anamwagia, anasugua tena, hatusikii kitu ila maji na kile kilio cha bandani. Halafu akasema bila kupaza sauti, "Ni kichaa cha mbwa, mama. Huyu ng'ombe hafiki keshokutwa. Wewe inabidi uchomwe sindano, na usichelewe. Ugonjwa huu ukishaanza kwa binadamu hauna dawa."

Kisha akamgeukia babu, aliyekuwa amesogea kusikiliza. "Na wewe mzee, nasikia mbwa huyohuyo alikung'ata."

"Mimi nilishapona, mwanangu," babu alisema, akapandisha kanzu kuonyesha mguu. Kovu lilikuwa dogo kama punje ya hindi.

"Kupona kwa ngozi si kupona. Nenda naye."

Jioni ile Tulia aliuawa akazikwa kwenye shimo refu, chokaa ikamwagwa juu. Wapo waliolalamika kuhusu nyama. Bibi alileta vibuyu vya mtindi kimoja kimoja akavimwaga shimoni, na harufu ya maziwa chachu ilikaa kwenye ua ule hadi mvua ikaisafisha. Kufika asubuhi ua ulijaa watu. Nusu ya mji walikuwa wamekunywa maziwa yetu. Mama mmoja alikuwa amembeba mtoto mgongoni na analia, anauliza kama mwanawe atabweka. Mwalimu wetu ndiye aliyewatuliza. Aliwaeleza kwamba maziwa yaliyochemshwa hayana shida, na waliokunywa mabichi waende zahanati wakaulize. Lakini tangu siku ile hakuna aliyempa mama mkono. Walimsalimia kutoka mbali, wakiangalia kinywa chake.

Mama alijiandaa kusafiri. Alikwenda kwa babu kumbembeleza, nami nikamfuata nyuma.

"Baba, twende wote. Basi ni lilelile."

"Ng'ombe wangu ana mimba kubwa, binti yangu. Akizaa nani atamshika? Tangulia. Ukirudi mzima, na mimi nitakwenda."

"Na nisipokukuta?"

Babu alicheka. "Nitakuwa nimekwenda wapi mimi na mguu huu?"

Siku hizo mabasi yalipita porini kwa msafara, askari wenye bunduki ndani, kwa sababu ya majambazi waliokuwa wanateka magari. Kwa hiyo nilikuwa na hofu mbili, na sikujua niombee ipi kwanza. Hospitali ya kwanza dawa ilikuwa imeisha. Mama akaendelea hadi upande wa Ngara, kwa ndugu za bibi, na huko akaipata. Sisi hatukuyajua hayo. Simu hazikuwepo. Tulijua tu kwamba basi liliondoka, na kila lililorudi halikumteremsha. Bibi aliacha kutuamsha kwa maneno yake. Hapakuwa na wa kukamuliwa.

Aliporudi alikuwa amekonda, ila anatembea mwenyewe. Sindano bado ziliendelea, kwenda na kurudi. Nilikuwa nimeshasikia shuleni kwamba mwenye kichaa huogopa maji. Basi nikawa namvizia. Kila asubuhi nilimpelekea mama maji kikombeni kabla hajaniomba, nikasimama pale namtazama koo. Akimeza, napumua. Akikohoa, nangoja anywe tena. Siku moja alipaliwa, nikaangusha sufuria nikakimbilia migombani, na alinikuta huko nimeziba masikio. Hakunigombeza. Alikaa chini na mimi kwenye majani makavu.

"Unaogopa nitakung'ata?" aliniuliza.

Nikatikisa kichwa. "Naogopa utalia kama Tulia."

Alinishika kichwa akakilaza pajani kwake, na nikasikia juu yangu anameza mate polepole, kama anayejaribu koo. Hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye kila asubuhi alikuwa anajisikiliza akimeza.

Wiki ile, babu akiwa bado anangoja ng'ombe wake azae ndipo naye aende kuchomwa sindano, alianza kujikuna mguu. Alisema lile kovu linawasha, kisha linachoma, kisha mguu wote umekufa ganzi. Mkewe alidhani ni baridi yabisi. Mama aliposikia aliacha jembe shambani. Tulimkuta babu amekaa kwenye mkeka ndani, jasho linamtoka, macho ameyakodoa. Mchana ulikuwa wa jua, mlango uko wazi. Upepo mdogo tu uliingia, ule wa kutikisa pazia, na babu akajikunja akashika koo kana kwamba amepigwa ngumi. Mkewe alimletea maji. Alikitaka kikombe, alikinyooshea mkono kabisa, lakini kilipokaribia mdomo mwili wake wote ulikikataa. Maji yakamwagika kifuani.

"Funga mlango," alimwambia mama kwa sauti iliyokwaruza. "Na mtoto asinione."

Mama alinisukuma nje. Yeye akabaki. Kila mtu mwingine alitoka, hata wanawe wakubwa walisimama uani wakinong'ona, lakini mama, ambaye damu yake ilikuwa bado inangoja hukumu ileile, alikaa na babu nyuma ya mlango ule uliofungwa hadi wanaume wa msikitini walipokuja. Nilikaa chini ya dirisha. Nilikisikia kile kilio. Sitakieleza.

Babu alizikwa kesho yake, kabla ya magharibi. Ng'ombe wake alizaa siku chache baadaye, na aliyemshika ni mama, kwa mkono uleule uliotobolewa kwa sindano. Ndama alikuwa dume. Mama alimfuta pua kwa majani, akamsogeza kwenye kiwele, kisha akaegemea nguzo ya banda akalia kwa mara ya kwanza tangu yote yaanze.

Sindano ya mwisho ilipita, mvua zikapita, kiangazi kikaja tena, na mama akawa hai. Watu walianza kumpa mkono mmoja mmoja. Hakuna aliyeomba radhi, na yeye hakudai. Lakini hakufuga tena ng'ombe. Mimi nilikua nikiwa na tabia ya kusikiliza watu wakimeza, na hata kwa mume wangu ilichukua muda kumweleza.

Leo ukipita pale hutaamini kwamba palikuwa na mji wa maziwa. Kituo kimegeuzwa duka la vipuri vya pikipiki. Mabingobingo yameng'olewa, wamepanda miti ya mbao. Bibi hayupo, mwalimu alihamishwa hatukumsikia tena, na wanawe babu waliuza shamba wakahamia Nyarubungo. Watoto wanakunywa maziwa ya pakiti yanayokuja na lori kutoka mbali, na mbwa wanachanjwa kila mwaka, jambo ambalo namshukuru Mungu nikilikumbuka. Ile hofu imeondoka kwa watu. Nasikitika tu kwamba imeondoka pamoja na mengine yote. Siku hizi ukiamka alfajiri kwetu unasikia jogoo, na pikipiki ya mbali, basi. Mama bado anaamka saa ileile. Anatoka nje na kanga begani, anakaa kwenye kigoda chake akitazama upande wa migomba, mikono imelala magotini haina la kufanya. Nilimuuliza, mama, unaamka kufanya nini giza lote hili?

"Nimezoea," alisema, akasogea ili nami nikae.